Siku tatu kando ya Ziwa Tshangalele



Kila mwaka pesa ya likelemba yetu inaenda kwa minervali na madaftari. Mwaka huu, mwezi wa saba, tulitoa sehemu ndogo kwa jambo ambalo hatukuwahi kulifanya: kupumzika. Si wote tuliokubali. Mmoja wetu aliuliza, "Mabwana wetu tutawaambia nini? Kwamba tumeenda kulala kando ya maji?" Mwishowe tulienda kumi na moja, na yeye ndiye aliyefika wa kwanza kwenye basi.

Tulitoka Lubumbashi asubuhi na baridi, tukashika barabara ya Likasi, kisha tukaingia Kapolowe. Wengi wetu tunaijua Kapolowe kwa samaki wake tu. Kutoka pale tulipanda mitumbwi, tukapita kati ya matete mpaka kambi ndogo ya wageni, mbali na magari na mbali na mtandao wa simu.

Vibanda vya kambi vimejengwa kwa matofali mabichi, kwa sababu kuchoma matofali kunakula miti. Paa ni za nyasi, taa ni za jua. Choo hakitumii maji: ukimaliza unamwaga jivu, na harufu hakuna. Sabuni haiingii ziwani. Tulifulia kwenye beseni, maji tukayamwaga mbali na ufuko. Plastiki zote tulizokuja nazo tulirudi nazo mjini. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tulikuwa tunakemeana wenyewe kwa wenyewe.

Jioni mama mwenye kambi alitueleza habari za ziwa. Zamani halikuwepo. Lilitokea mto Lufira ulipozibwa kule Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930 ili migodi ya shaba ipate nguvu. Mwaka 2021 mitambo ilirudi kazini baada ya kutengenezwa upya, megawati 78. Tulimsikiliza gizani, maana pale tulipokaa hakupiti waya hata mmoja. Na sisi mjini, umeme ukikatika wakati wa kupika, tunafanya nini? Tunawasha mbabula.

Hapo mazungumzo yakawa mazito. Mama mwenye kambi alisema, "Huko nyuma ya kijiji kulikuwa pori. Miti imekuja kwenu ndani ya magunia." Bonde la Lufira ni hifadhi inayotambuliwa na UNESCO tangu 1982, lakini karatasi haizuii shoka. Mchoma makala anapanga magogo, anayafunika kwa udongo, anayaacha yaungue polepole siku nyingi. Sehemu kubwa ya mti inaenda na moshi kabla gunia halijafungwa.

Mwenzetu mmoja alikuwa amenyamaza. Kisha akasema, "Makala hayo ni mimi ninayauza. Nimesomesha watoto wanne kwa makala. Nikiacha leo, kesho watakula nini?"

Hakuna aliyejibu. Tuliona haya, kwa sababu sote tumenunua kwake, na hakuna aliyewahi kumuuliza gunia linatoka wapi.

Asubuhi tuliingia jikoni. Mama mwenye kambi anapika kwa mbabula ya udongo yenye kuta nene, inayoshika moto usitawanyike. Maharagwe yamelala ndani ya maji usiku mzima. Yakishachemka vizuri kwa muda, anafunika sufuria, anaitoa motoni na kuiweka ndani ya kikapu, anaizungushia blanketi kuukuu na vikwembe, anaiacha. Yanaendelea kuiva yenyewe kwa joto lake. Tuliyala saa sita na bukari, yameiva kabisa. Makala aliyotumia hayakufika nusu ya yale tunayomaliza nyumbani kwa sufuria kama ile.

Yule mwenzetu muuza makala ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko sote. Mbabula ile inafinyangwa namna gani? Inadumu muda gani? Inauzwa bei gani?

Tukiwa ndani ya mtumbwi wa kurudi, tulikubaliana. Likelemba itamkopesha pesa ya kununua mbabula za udongo za kwanza, aziweke mezani pake karibu na makala. Hatukumwambia aache biashara inayolisha watoto wake. Tulimwambia aanze nyingine pembeni, na sisi tutakuwa wanunuzi wake wa kwanza. Akifaulu, magunia yatapungua kidogo kidogo. Asipofaulu, hasara ni yetu sote, si yake peke yake.

Kwenye mkutano ujao, kila mama alete sufuria yenye kifuniko kizuri, kikapu, na blanketi kuukuu. Tutapika pamoja. Na mabwana wanaouliza tulienda kufanya nini ziwani, waonje kwanza hayo maharagwe.