Antirinumu za Limuru

Limuru iko kaskazini-magharibi ya Nairobi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, nchi ya chai na baridi. Katika bustani zake humea antirinumu, ua ambalo likibanwa mashavuni hufumbua kinywa kama mnyama, jambo liwapendezalo sana watoto. Januari na Februari humwagiliwa asubuhi, shinani, maji yakazama. Wakati wa masika debe hupumzishwa. Mwezi wa kuponza ni Julai. Mvua ni haba, lakini ukungu huyalowesha majani hata karibu na adhuhuri, na mwenye huruma nyingi akiyanyunyizia tena jioni, baada ya majuma mawili hivi huona chini ya jani vipele vya rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo kutu. Mmea ulioshikwa hung'olewa ukachomwa.