Jetoni moja, homa mbili

Nyabiondo, teritware ya Masisi – Mama mmoja aliyekimbia vita na watoto wake wane, na ambaye sasa anaishi kwa jamaa iliyomupokea hapa Nyabiondo, alikuwa na jetoni moja mukononi. Ilikuwa ya kupokea unga, maharagi na mafuta siku ya ugawaji. Lakini usiku ule binti yake wa miaka 3 alishikwa na homa kali, na asubuhi nyumbani hamukuwa hata franka 500. Muchuuzi anayenunua jetoni za wakimbizi alimupatia franka 10.000. Chakula chenyewe kingemugarimu zaidi ya mara mbili sokoni. Mama alijua hivyo, lakini mutoto alikuwa anawaka moto.

Akaenda mbio kwenye duka la dawa karibu na soko. Muuzishaji hakumupima mutoto. Alikata vidonge kwa makasi kutoka plakete mbalimbali, akavifunga katika karatasi: vya homa, vya minyoo na vya kuongeza damu. Franka 4.500. Homa ikashuka siku mbili, siku ya tatu ikarudi. Akanunua tena, franka 3.000. Juma likaisha, feza ya jetoni karibu yote imekwenda, mutoto angali mugonjwa na chungu kitupu.

Mama muzee mwenye nyumba akamuuliza alitumia ngapi. Wakahesabu pamoja.

“Binti yangu,” akasema, “umelipa mara mbili na haujanunua dawa.”

“Mama, ningefanya nini? Kule wananijua, hata deni wananiandikia.”

Neno hilo la deni wengi wanalielewa. Kule Marekani, farmasi kubwa kama CVS na Walgreens zinapatia muteja kadi. Kwa kadi hiyo na kwa kuponi, anaweza kupunguziwa bei. Hapa kwetu kadi hiyo ni daftari la madeni: muteja wa siku nyingi anachukua dawa leo na kulipa siku ya soko. Ni musaada wa kweli. Lakini mwenye deni anaona haya kuuliza bei, na anaona haya zaidi kuuliza kama dawa anayopewa ndiyo mutoto anayoihitaji.

Siku iliyofuata mama muzee alimupeleka kwenye kituo cha afya. Muganga alimuchoma mutoto kidole, akachukua tone moja la damu. Kisha dakika karibu 20, kipimo kikaonyesha malaria. Akapewa dawa ya siku 3, dozi kamili kulingana na kilo zake. Kwenye vituo vya serikali, kipimo na dawa ya malaria ya kawaida vinapashwa kutolewa bure wakati viko pale. Mama alilipa fishi tu, franka 1.000. Kama angaliuliza kwanza, angalibaki na jetoni yake.

Kuna siku kituo kinakosa dawa, na hapo mutu analazimika kununua. Mama muzee alimufundisha namna anavyofanya yeye. Anamuomba muganga aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kiwanda tu. Doliprane na Efferalgan zote ni paracetamol. Yenye jina la kawaida inaweza kufanya kazi ileile kwa bei ndogo. Anaangalia tarehe kwenye plakete, na kwa sababu hiyo hakubali vidonge vilivyokatwa vikabaki bila maandishi. Anauliza bei kwenye maduka mawili mbele ya kulipa. Na hapunguzi dozi ili abakize vidonge vya homa ingine, kwa sababu ugonjwa usioisha unarudi na garama yake.

Ila bei haiulizwe kila mara. Mutoto akipatwa na degedege, akishindwa kunywa ao kunyonya, akitapika kila kitu ao akilala bila kuamuka, hakuna kuzunguka madukani. Ni kumupeleka kwa muganga saa ileile, hata usiku, kama njia inaruhusu.

Kiisha mutoto kupona, mama aliingia katika AVEC, kikundi cha akiba cha wamama wa mutaa. Wanakutana kila juma. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hivi hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Mbali na akiba, kila mumoja anatia kidogo katika mufuko wa musaada. Mwenye mugonjwa anapewa humo bila faida. Mama anatia franka 200 anazopata kwa kulima mashamba ya watu. Si nyingi, lakini homa ikija usiku, kuna mulango wa kubisha zaidi ya ule wa muchuuzi.

Siku ya ugawaji uliofuata, muchuuzi yule alimuita tena njiani na kupandisha bei. Mama alimusalimia vizuri na kuendelea na safari. Jetoni ilikuwa imefungwa katika pembe ya kitenge. Mangaribi ile watoto wane walikula maharagi.