Penye Urembo Ndipo Penye Urimbo



Ukiwahi kusimama kando ya njia ya treni, itazame reli yenyewe kwa makini. Ubavuni ina rangi ya kahawia iliyokolea kwa kutu na vumbi. Lakini mgongoni, pale magurudumu yanapopita, inang'aa kama kisu kilichotoka kunolewa. Mimi nilizaliwa Morogoro, baba yangu akiwa fundi wa njia katika Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli nimeziona tangu utotoni. Hata hivyo, siku moja nilisahau tofauti ya ubavu na mgongo wa reli, na nusura nimwaibishe mzee aliyenipokea ugenini. Nakusimulia kisa hicho kwa sababu unakaribia kuingia katika chumba cha mtihani, na kosa kama langu hufanyika humo pia.

Nilikuwa mwanafunzi Uingereza, nimepanga chumba katika nyumba ya mstaafu mmoja. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana ya neno hilo alilipenda. Darini kwake alikuwa amejenga reli ndogo ya mfano juu ya meza ndefu. Kila kitu kilipunguzwa mara 76: stesheni, miti, mabehewa, hata watu waliosubiri safari. Reli mbili zilipishana milimita 16.5 tu. Hakikuwa kitu cha kuchezea watoto. Ilikuwa ni njia ya kijijini kwao, iliyofungwa miaka ya 1960, wakati Uingereza ilipofunga njia nyingi zilizoonekana kuleta hasara, baada ya ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963. Mzee na kaka yake walikulia kando ya njia hiyo. Kaka huyo alihamia Kanada, na sasa, baada ya miaka mingi, alikuwa anakuja kumtembelea. Angefika Jumamosi.

Tatizo lilikuwa moja. Njia ilikuwa mpya, reli zinang'aa kila upande, na mataruma yake ya plastiki yalikuwa meusi tii. Ilionekana kama kitu kilichotoka dukani jana. Mzee mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi tena kushika brashi. Akaniomba mimi niipake rangi ionekane kuukuu. Alinikabidhi rangi, brashi, vitambaa na chupa ya spiriti, akasema, "Paka ubavuni tu, kijana wangu. Ikigusa juu, ifute kabla haijakauka."

Nikaitikia haraka, kama anavyoitikia mtu anayedhani anajua. Mimi si mwana wa fundi wa reli?

Alhamisi usiku nikaanza kazi. Mwanzoni nilienda vizuri. Mataruma niliyapaka kijivu, kwa sababu mbao iliyopigwa jua na mvua kwa miaka haibaki nyeusi. Ubavu wa reli niliupaka kahawia, na karibu na stesheni nikaongeza weusi katikati ya njia, mahali ambapo injini husimama na kudondosha mafuta. Kadiri nilivyopaka, ndivyo njia ile ilivyogeuka kuwa ya kweli machoni pangu. Nikaanza kujisifu. Brashi nikaiona inachelewesha, nikachukua kopo la rangi ya kupuliza, nikapuliza njia nzima, mgongo na ubavu, pamoja na zile ncha za reli zinazosogea pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Nikasema nitafuta baadaye. Usingizi ukanichukua.

Asubuhi rangi ilikuwa imekauka. Ilipendeza, nakuapia. Nikaweka injini na kuwasha umeme. Ikasogea urefu wa kidole, ikasimama. Nikaisukuma, ikashtuka, ikasimama tena.

Wewe unayesoma Fizikia umekwisha kuelewa. Treni ya namna hii haina betri ndani yake. Umeme mdogo, kama volti 12, hupita katika reli moja, huingia kwenye gurudumu, huzungusha mota, kisha hurudi kupitia reli ya pili. Mahali ambapo gurudumu hugusa reli ni padogo kuliko punje ya mchele. Rangi haipitishi umeme. Utando mwembamba kuliko karatasi unatosha kukata mzunguko wote.

Kwa hofu nikafanya kosa la pili. Nikachukua msasa, nikasugua mgongo wa reli kwa nguvu kwenye kona moja. Rangi ilitoka, lakini msasa ukaacha mikwaruzo, na mikwaruzo hushika uchafu. Hapo Mzee akapanda ngazi.

Aliitazama kazi yangu kwa muda mrefu. Hakunigombeza, na ukimya ule uliniumiza kuliko matusi. Aliuchukua msasa mkononi mwangu, akautia mfukoni. Kisha akanielekeza, nami nikatenda. Nilifunga kitambaa kwenye kipande cha ubao, nikakilowesha spiriti kidogo, nikasugua mgongo wa reli taratibu nikifuata urefu wake. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe, maana spiriti ikishuka ubavuni huondoa hata rangi unayotaka ibaki. Zile ncha zinazosogea nilizisafisha kwa kijiti cha kuchokolea meno, moja baada ya nyingine, mpaka zikagusana chuma kwa chuma. Baadaye tukaendesha injini ndogo kuliko zote kwa mwendo wa kobe. Kila iliposita, niliweka alama ya chaki na kurudia. Mwendo wa kasi huficha kasoro. Mwendo wa polepole huzifichua. Tulimaliza saa tisa usiku.

Jumamosi kaka yake alifika. Alipanda ngazi kwa shida, akasimama mlangoni, akavua kofia. Mzee akawasha umeme. Treni ikatoka stesheni, ikapita daraja, ikapinda kwenye kona yangu ya msasa. Taa ikapepesa, ikasimama. Moyo wangu ukasimama nayo. Mzee akainyoosha mkono wake unaotetemeka, akaigusa kwa kidole, ikaendelea. Kaka yake akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hata ile ya kweli ilikuwa inakwama hapo hapo," akasema. Mzee akanitazama, asiseme neno.

Sasa mimi ni mwalimu, na kila nisahihishapo insha naikumbuka kona ile. Nakutana na mwandiko mzuri, methali tano katika aya moja, vichwa vilivyopigiwa mistari kwa rula. Lakini swali liliuliza njia za kuzuia uharibifu wa misitu, naye mtahiniwa ameeleza uzuri wa misitu ukurasa mzima. Amepaka rangi mgongo wa reli. Treni haiendi.

Sisemi uache kupamba. Bila rangi yangu, kaka yake Mzee asingevua kofia pale mlangoni. Nasema, kabla ya kupamba, ujue ni wapi kazi inafanyika. Lisome swali, ulipigie mstari neno linalokuagiza: eleza, linganisha, fafanua au thibitisha. Jibu lako kwa agizo hilo ndilo mgongo wa reli, liache wazi. Methali na tamathali ziweke ubavuni. Na ufute rangi ingali mbichi: ukimaliza aya moja, irudie papo hapo na ujiulize kama inajibu swali. Ukingoja dakika tano za mwisho, utashika msasa, utakatakata mistari kwa hofu, na mikwaruzo itabaki.

Baba yangu alikuwa akitambua kwa kutazama tu kama treni imepita karibuni. Reli isiyopitiwa na gurudumu hushika kutu mpaka mgongoni, akasema, na haichukui siku nyingi. Basi mazoezi yako yasiishie kwenye daftari safi lililofunikwa vizuri. Chukua swali la mwaka uliopita leo, ulijibu kwa mwendo wa kobe, na pale unaposita, weka alama ya chaki.