Watu 43 walisema imewasaidia, shosho akaacha dawa

Wasee, hii maneno nimeiandika nikaifuta mara tatu. Leo wacha itoke tu.

Mwaka jana niliweka video ya juisi ya bitiruti na kitunguu saumu. Nikauliza: nani amekunywa na presha ikashuka? Watu 43 wakasema ndiyo. Nikatengeneza video ya pili, nikaiita "Utafiti Wangu". Hiyo ndiyo video yangu imewahi kutazamwa zaidi.

Ikafika mpaka WhatsApp ya chama cha shosho. Akafungia vidonge vyake vya presha kwa kabati, akaanza kusaga bitiruti. Alikuwa anaambia watu, "Si ni mjukuu wangu amesema, na alienda yunivasiti." Yunivasiti yenyewe niliacha mwaka wa pili.

Wiki ya tatu akaanguka jikoni. Stroke. Alipona, lakini mpaka leo mkono wake wa kushoto haushiki kikombe vizuri.

Pale wodini nilimwonyesha nesi zile kamenti, nijitetee. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Na wale walikunywa ikakataa kushuka, walikuandikia?" Nikanyamaza. "Na wale hawakunywa chochote, presha yao ilifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Presha hupanda na kushuka. Mtu hupima siku kichwa kinamgonga, anaikuta iko juu. Akipima wiki ijayo, mara nyingi imeshuka kidogo hata kama alikunywa maji ya mfereji. Bila watu wa kulinganisha nao, huwezi jua ni juisi ama ni siku tu.

Nikaanza kusoma, na mfano ulionifungua macho ni wa hapa kwetu, Kisumu. Kwa miaka mingi wataalamu waliona kwamba jamii zinazotahiri wanaume zina virusi vya ukimwi kidogo kuliko zile hazitahiri. Mimi ningefanya video hapo hapo. Lakini jamii hizo zinatofautiana pia kwa dini, mila na jinsi watu wanaishi. Pengine hayo ndiyo yalikuwa yanawakinga.

Kwa hivyo kuanzia 2002 watafiti waliandikisha vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa, hawana virusi, na wamekubali wenyewe. Hakuna aliyechagua kundi. Iliamuliwa kama kupiga kura: 1,391 watahiriwe mara moja, 1,393 wangoje. Kura haijui nani ni mlevi na nani ni mlokole, kwa hivyo makundi yanatoka yakifanana. Wote walipewa ushauri na kondomu, wakaanza kufuatiliwa.

Waliotahiriwa, 22 waliambukizwa. Waliongoja, 47. Desemba 2006 utafiti ukasimamishwa mapema, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kungojesha wengine. Na ona, hata hao 22 walihesabiwa na kutangazwa. Hakuna mtu alisema ni kinga kamili.

Sasa weka hiyo kando ya "utafiti" wangu. Watu 43 waliojichagua wenyewe, wa kulinganisha nao hakuna, na wale haikuwasaidia hakuna mtu aliwatafuta. Zile zilikuwa kamenti tu, mimi nikazivalisha koti jeupe.

Sisemi kila mtu aliye na video ya afya ni mwongo. Mimi sikudanganya, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Niliamini. Lakini siku hizi kabla sijashare kitu najiuliza: walilinganishwa na nani? Nani aliamua nani apate dawa? Wale haikuwasaidia wako wapi?

Shosho amerudia vidonge. Bitiruti bado anakunywa, anasema ni tamu, na daktari wake anajua.

Ile video niliitoa, lakini watu walikuwa wameshaipakua, bado inazunguka. Ukiiona kwa grupu ya mamako, tafadhali mwambie ni mimi nimesema asiache dawa.