Usubi wa Vyunguni

Mdudu mdogo mweusi arukaye juu ya chungu cha maua hudhaniwa kuwa ndiye adui. La, yeye ni mjumbe tu. Waharibifu ni mabuu yake, meupe yenye vichwa vyeusi, yaishiyo katika udongo wa juu, yakila ukungu, uozo na mizizi myororo. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 200, na kizazi kipya hukamilika katika majuma matatu au manne. Apigaye warukao tu hufanya kazi isiyo na mwisho.

Litazame ua la Usambara, ambalo Hermann Wendland aliliita Saintpaulia mwaka 1893. Kwao huota juu ya miamba yenye kivuli, mahali ambapo maji hupita wala hayatuami. Nyumbani hutiwa katika chungu kisicho na tundu, likanyweshwa kila asubuhi. Mizizi huoza, usubi huja. Ua hunyauka, na mwenyewe, akidhani lina kiu, huongeza maji.

Dawa yaanzia hapo. Acha sentimita 2 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Mwaga maji yaliyobaki sahanini. Tega karatasi za njano zenye ulimbo. Bakteria ya Bacillus thuringiensis israelensis, iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, ikichanganywa na maji huua mabuu. Endelea hivyo mwezi mzima, ili mayai yaliyosalia yasianzishe ukoo mpya.

Ukarimu usiopima haja ya mpokeaji humwangamiza. Mtunzaji mwema huugusa udongo kwa kidole kabla hajainua kopo.