Uhuru na Uungwana

Watu wengi wakisikia neno uhuru hukumbuka bendera mpya na shangwe za usiku wa manane. Hawakosei, kwa maana taifa lililofungwa haliwezi kuwafungua watu wake. Lakini kabla neno hili halijawa la mataifa lilikuwa la mtu mmoja mmoja. Wazee wetu wa pwani walilitumia juu ya mtu aliyetoka mikononi mwa bwana wake. Walisema fulani ameachwa huru, au fulani amepewa uhuru wake. Maana hiyo ya kwanza ndiyo nitakayoizungumza hapa, kwa sababu naona inasahauliwa, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walioisahau kwa makusudi.

Lugha yetu ni shahidi mwaminifu. Mtumwa ni mtu atumwaye. Kutoka shina hilo hilo tumepata mtumishi, na tumepata mtume. Basi kutumwa peke yake si utumwa, kwani hapana binadamu asiyetumwa. Mtoto hutumwa na mzazi, askari hutumwa na serikali, na tumbo hututuma sote kabla ya jua kuchomoza. Tofauti imo katika neno moja dogo, nalo ni hapana. Mtumishi aweza kulitamka, akalipwa haki yake akaenda zake. Mtumwa akilitamka hupigwa. Kwa hiyo naamini kuwa uhuru wa nafsi si kuishi bila ya kuamrishwa. Ni uwezo wa mtu kutoa ndiyo yake na hapana yake, na watu wakaliheshimu neno hilo kuwa ni lake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchumaji wa karafuu kisiwani Unguja. Miezi michache kabla ya kufariki aliniita kando ya kitanda chake, akaniambia jambo ambalo hapana mtu katika jamaa yetu aliyepata kuniambia. Babu yake aliletwa kutoka bara akiwa mtoto asiyejua umri wake, akauzwa, akakulia katika shamba la watu. Nilikuwa nimesoma sana habari za utumwa. Niliweza kutaja kuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nikisoma habari za nyumbani.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyozizuia mahakama kuitambua haki ya mtu kummiliki mtu. Ni amri kubwa, walakini ilikuwa na masharti. Haikumwacha kila mtumwa huru siku ile. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuuomba. Aliyeupata alitakiwa aonyeshe kuwa ana makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana aliyepoteza watumwa kwa haki aliweza kulipwa fidia. Mtumwa aliyepoteza ujana wake hakuwekewa fungu lolote. Masuria nao walitengwa na amri hiyo kama wake wa nyumbani, wakangoja hadi mwaka 1909.

Babu wa bibi yangu alikwenda akaomba, akaandikiwa karatasi. Kisha alirudi akajenga kibanda katika shamba lile lile, akachuma karafuu zile zile kwenye mikarafuu ile ile, kama walivyofanya wenziwe wengi waliokuwa hawana ardhi nyingine. Nikamwuliza bibi karatasi ile ilimfaa nini. Akanijibu: “Mjukuu wangu, zamani akiitwa alikwenda mbio. Baada ya karatasi, akiitwa aliuliza kwanza: Kuna nini?”

Katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya uhuru, sijakutana na maelezo yaliyonitosheleza kuliko hayo.

Sheria yaweza kumvua mtu mnyororo, lakini haiwezi peke yake kuvivua vinywa vya jirani majina waliyomzoeza. Neno mwungwana katika Kiswahili lina maana mbili: mtu asiye mtumwa, na mtu mwenye adabu njema. Kuungana kwa maana hizo kulikuwa fahari kwa wengine na dhuluma kwa wengine, kwa kuwa aliyezaliwa utumwani alinyimwa uhuru na sifa ya wema kwa pamoja. Wapo walioishinda dhuluma hiyo mbele ya watu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika jamaa iliyotoka utumwani, aliimba hata sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Lakini si kila mtu ana sauti ya Siti. Wengi walichagua kunyamaza, na jamaa yangu ilikuwa miongoni mwao.

Nilipokuwa kijana, dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuja kuposwa. Wazee wa upande wa mume waliuliza asili yetu, kama ilivyo desturi. Mjomba wangu alitaja ukoo wa heshima ambao haukuwa wetu, kisha akanigeukia, mimi msomi wa nyumba, niwe shahidi. Bibi alikwisha kuniambia kweli. Nilitikisa kichwa kukubali. Hapana aliyenitisha, wala sikuwa nimefungwa. Nilikuwa raia huru wa nchi huru, na ndiyo niliyoitoa haikuwa yangu. Wahenga walisema mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Sisi tulikuwa tumechutama miaka mingi bila ya kuvuliwa na mtu.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa lugha hii. Siku moja nilikuwa nikieleza darasani maneno yatokanayo na shina la tuma, mwanafunzi mmoja akasimama akauliza: “Mwalimu, mbona kila nyumba husema imezaliwa na mabwana tu? Watoto wa watumwa walikwenda wapi?” Wenziwe walicheka. Nilimwambia kuwa swali lake ni zuri na tutalirejea wiki ijayo. Usiku ule sikulala. Kijana yule alikuwa ameuliza Kuna nini, nami niliyefunzwa neno hilo na bibi yangu nilikuwa nimekimbia.

Walakini siri ya jamaa si mali ya mtu mmoja. Kama uhuru ni haki ya kusema neno langu, je, ni haki yangu kusema na la mwingine? Nilikwenda kwa mjomba. Alinisikiliza hata mwisho, akasema: “Mjomba, ulimi ni wako, lakini jina ni letu.” Nilitaka kubishana naye, nikaona kuwa amesema haki. Nilimwahidi kuwa sitataja jina la ukoo wala la kijiji, na ahadi hiyo naitimiza hata katika karatasi hizi.

Kisha nilikwenda kwa dada. Nilidhani atanilaumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Alinyamaza kitambo, akaniambia kwamba tangu kuolewa kwake amekuwa akilala jicho moja wazi, akihofu siku mumewe atakaposikia barabarani. Nilimwomba ruhusa ya kwenda kumweleza shemeji mimi mwenyewe. Akakataa. “Kaka,” alisema, “lako liseme. Langu niachie nilisema mwenyewe, siku nitakayotaka, au nisilisema.” Hapo nilifahamu kuwa hapana yake ilikuwa na thamani sawa na ndiyo yangu. Jamii iliyo huru si ile ambayo kila mtu husema kila kitu. Ni ile ambayo mtu huweza kusema bila ya kupata hasara, na huweza kunyamaza bila ya kuogopa. Jamii yetu haijafika hapo maadamu mwanamke mwema hulala na hofu kwa sababu ya mnyororo uliofunga miguu ya babu wa bibi yake.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani. Nilisema: “Mliuliza watoto wa watumwa walikwenda wapi. Mmoja amesimama mbele yenu.” Safari hii hapana aliyecheka. Nikageuka, nikaandika ubaoni neno mwungwana, tukaanza kazi. Saa ilipokwisha wanafunzi wawili walibaki nyuma, kila mmoja akijifanya kupanga vitabu vyake, akingoja mwenziwe atangulie kutoka.