Mapumziko Kando ya Mto Tana huko Garissa

Wapatapo likizo, watu wa bara wengi huenda Kisumu au Naivasha kupanda mashua, na wenye nauli ya kutosha hushuka Mombasa. Ni wachache wafikirio kwenda Garissa, kwa kuwa yajulikana kwamba nchi ile ni kavu, na mvua yake ya mwaka mzima haifiki nusu ya ile inyeshayo Nairobi. Mtu aweza kusema kwa mzaha kwamba maziwa ya Garissa ni ya ngamia tu. Walakini mji huo umejengwa ukingoni mwa Mto Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, utokao katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini.

Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilometa 370 hivi, kwa njia ya Thika na Mwingi. Ukisha kupita Mwingi barabara yateremka, joto lazidi, na miti yawa ya miiba mitupu. Kisha wafika Madogo, halafu daraja. Na hapo ghafula macho yakutana na migomba, miembe na mashamba ya matikiti yanyweshwayo kwa pampu.

Pumziko la hapa ni la kukaa na kutazama. Yapata saa kumi alasiri, jua lipunguzapo ukali wake, mifugo hushuka mtoni kwa njia ziitwazo malka. Wafugaji, Wasomali upande huu na Waorma upande wa pili, wamezilinda njia hizo tangu zamani. Wenye mashamba nao huitamani ardhi hiyo hiyo, na ugomvi mwingi wa ukingoni huanzia hapo. Wamunyoyaya nao hupita kwa mitumbwi yao wakivua kambale. Mimi niliye karani, baada ya kutwa nzima ya majalada, sijui burudani ipitayo hiyo.

Kuogelea ni jambo jingine. Maji ya Tana yana rangi ya udongo, na mamba aliye hatua mbili kutoka kwako humwoni. Wakamatwao aghalabu si wageni, bali ni wanawake na watoto waendao kuteka maji. Kwa maoni yangu, bomba la maji katika vijiji vya kando ya mto lingefaa kutangulia kabla ya hoteli nyingine ya wageni.

Tena mto huu hufurika siku ambayo mbingu za Garissa hazina hata wingu. Mvua huwa imenyesha mlimani, na mabwawa ya huko juu, kama vile Masinga na Kiambere, yakijaa hufurika na maji hutelemkia kwetu. Mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, barabara ya Madogo ilifunikwa na maji. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka mahali paitwapo Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafa maji. Hao hawakuwa katika matembezi. Walitaka kuvuka tu. Kwa hiyo mtu aniulizaye habari za kupanda mashua hapa, nami humwuliza kama ameona maboya ya kuvaa ndani yake.

Atakaye ziwa hasa hana haja ya kuuacha mto huu. Na apande juu mpaka Masinga, ambako bwawa lililokamilika mwaka 1981 limeyatandaza maji yayo hayo yakawa ziwa kubwa, nako iko hoteli ufukweni.

Lakini atakayekuja kwetu, na aje kati ya Julai na Septemba, hewa ipoapo kidogo. Atapata nyirinyiri na chai ya maziwa ya ngamia, na kivuli cha mwembe. Kabla ya kutandika mkeka, na awaulize wavuvi mto umepanda kiasi gani tangu jana.